Mashine Waliyoichagua Wenyewe

Siku Meneja alipomwita Vidole ofisini na kumwambia afunge mlango, Vidole alijua pale pale kwamba kuna mtu atamwaga unga. Mlango wa ofisi ile ulikuwa haufungwi. Mwaka mzima ulizuiwa na katoni la risiti za zamani, ili Meneja aone nani anaingia ukumbini na nani anatoka. Vidole akalisogeza katoni kwa mguu, akafunga, akakaa. Kichwani alikuwa ameshaanza kujiuliza atamwambiaje mkewe.

Lakini safari hii hakuwa yeye.

"Wewe unabaki," Meneja alimwambia. "Juzi nilipita kwenye hoteli ya rafiki yangu. Jamaa mmoja tu, kinanda na kompyuta, basi. Ukifumba macho unasikia bendi nzima. Drams zipo, besi ipo. Na hawaombi chakula." Akacheka kidogo, akacheka peke yake. "Programu ya muziki nimeshanunua, hii hapa. Kompyuta ndiyo sizijui. Nenda kachague yenye nguvu, wageni wasije wakasikia mambo ya kukwamakwama. Kisha uwarekodi wenzako nyimbo zote mnazopiga, kila chombo peke yake. Mwisho wa mwezi ujao mikataba yao inakwisha. Hilo nitawaambia mwenyewe. Wewe funga mdomo."

"Wakiniuliza nawarekodi kwa nini?"

"Hutakosa la kuwaambia. Kama unaona uzito, sema. Wenye kuweza wapo wengi."

"Sawa, bosi," Vidole akasema.

Alikuwa na miaka arobaini na sita. Jina la Vidole alibandikwa ujanani, kwa sababu mkono wake mmoja uliweza kushika sauti mbili za kinanda zilizo mbali ambazo wenzake walizishika kwa mikono miwili. Kabla ya kupata kazi pale hotelini alikaa miaka mitatu hana mbele wala nyuma, akipiga kwenye sherehe za watu kwa ujira wa chakula na nauli. Miaka hiyo alikuwa akitoka nyumbani kila asubuhi na mkoba begani ili majirani wamwone anakwenda kazini, kisha anakaa kwenye benchi la posta akisoma matangazo yaliyobandikwa ukutani, yale yale, mpaka saa tisa. Mkewe, mwalimu wa chekechea, ndiye aliyewalisha wote, na hata siku moja hakumsimanga. Lakini hata miaka kumi na moja baadaye Vidole bado aliliona benchi lile ndotoni, na akiamka alikuwa akipapasa ukuta kuhakikisha yuko chumbani kwake.

Bendi yenyewe ilikuwa ya watu wanne. Mpiga drams aliitwa Radi, mdogo wake mke wa Vidole, tumbo moja. Vidole ndiye aliyemwingiza kwenye kazi ile. Mpiga gitaa la besi alikuwa mzee wa miaka sitini na minane aliyeitwa Babu Besi, aliyeanza kupiga pale hoteli ikiwa bado na ghorofa moja. Mwimbaji aliitwa Chiriku, mama wa watoto watatu, mwenye sauti tamu na mdomo usio na breki. Wakigombana, waligombana kama watu wa nyumba moja, na wakimaliza walikula pamoja sahani moja nyuma ya jiko.

Njiani kurudi nyumbani Vidole alijipangia ujanja. Angetafuta kompyuta dhaifu, ile ambayo ikibebeshwa programu nzito inahema kama mgonjwa wa pumu. Angeipeleka kwa Meneja, ingekwama mbele yake mara mbili tatu, Meneja angekasirika na kusema mambo haya ni upuuzi mtupu, na bendi ingebaki. Hivyo asingemkatalia bosi usoni, wala asingelazimika kuwaambia wenzake neno. Alipofika mlangoni kwake alijiona mjanja hasa, mpaka mkewe akamuuliza anachekea nini.

"Hoteli inanunua kompyuta ya muziki," akasema. "Mimi ndiye niliyetumwa kuchagua."

Hapo akawa ameharibu. Mkewe alikuwa na kawaida ya kuzungumza na mdogo wake kwa simu wakati anapika, na habari njema haikai kifuani. Kesho yake mchana Vidole alipoingia kwenye chumba cha mazoezi, aliwakuta wenzake watatu wanamsubiri.

"Shemeji!" Radi alimrukia. "Mambo makubwa namna hii unatuficha?"

Vidole akajifanya haelewi. "Mambo gani?"

"Albamu!" Chiriku akadakia. "Kompyuta ya muziki ni ya nini kama si albamu? Meneja hatimaye kapata akili. Mimi nilishasema yule mtu si mbaya, ila ana njaa ya kusifiwa. Sasa picha ya kwenye jalada mimi nakaa katikati, hilo halina mjadala."

Babu Besi alikuwa amekaa juu ya amplifaya yake, anafuta nyuzi za gitaa kwa kitambaa. Hakupiga kelele kama wengine. "Miaka thelathini na mmoja napiga hapa," alisema. "Hakuna hata mahali pamoja panapoonyesha kwamba nilipiga. Wajukuu nikiwaambia mimi mwanamuziki, wanadhani nawatania."

Vidole akafungua mdomo. Chumba kilikuwa kidogo, kikinuka mafuta ya kukaangia yaliyopenya kutoka jikoni, na nyuso tatu zilikuwa zimemwelekea. Angeweza kusema wakati ule. Jambo lenyewe lilikuwa halijawa kubwa. Lingekuwa matusi ya siku moja, ghadhabu, pengine wangekwenda wote wanne kwa Meneja. Badala yake ulimi ukamletea maneno mengine.

"Meneja hataki itangazwe kwanza."

"Tutanyamaza kama maiti," Radi akasema. "Ila kuchagua tunakwenda wote. Wewe masikio yako ni ya kinanda, ya drams hayamo."

Vidole akasingizia jua, akasingizia ngazi na magoti ya Babu. Haikusaidia.

Duka la kompyuta lilikuwa ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vioo, na ngazi zake zilikuwa nyembamba kiasi kwamba walipanda mmoja mmoja. Muuzaji alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia shingoni kwa kamba, bisibisi imechomekwa kwenye nywele. Vidole alipitiliza moja kwa moja hadi kwenye kompyuta nyembamba ya rangi ya fedha iliyokuwa karibu na mlango.

"Hii inatufaa. Nzuri, nyepesi."

"Nzuri kwa kuandikia barua," muuzaji akasema. "Mnataka kuifanyia nini?"

"Muziki," Radi akajibu.

"Kusikiliza au kutengeneza?"

"Kutengeneza. Tunarekodi vyombo, maikrofoni nane kwa wakati mmoja."

"Basi hiyo iacheni. Nikiwauzia hiyo mtarudi hapa kesho kutwa kunitukana."

Babu Besi akavuta kiti bila kukaribishwa. "Mama, hebu nielezee mimi mzee. Tofauti iko wapi? Zote naona zina kioo na vitufe."

Muuzaji alikuwa mtu wa kupenda kazi yake. Akavaa miwani. "Inayofanya kazi humu ndani inaitwa prosesa, baba. Na prosesa ina viini, kila kiini kinashika kazi yake. Hii ya fedha ina viini viwili. Ile nyeusi pale juu ina vinane."

"Kama wanamuziki."

"Sawasawa."

"Kwa hiyo mle ndani wamo wanamuziki wanane?"

"Tuseme hivyo."

"Na hawagombanii mshahara?"

Wakacheka wote. Vidole naye alicheka, akajisikia kicheko chake kimetoka kama kikohozi.

"Halafu kuna ramu," mama akaendelea. "Hiyo ni jukwaa lao. Ukiwaweka wanamuziki wanane kwenye jukwaa la watu wawili watakanyagana tu. Ya fedha ina gigabaiti nne. Kwa kazi yenu msishuke chini ya kumi na sita, na ile nyeusi ina thelathini na mbili. Mwisho kuna diski, ghala la sauti. Diski za zamani huzunguka kama sahani, na mpaka zilete sauti ya ngoma mnayoitaka, wimbo umeshapita. Hii mpya haizunguki. Ukiita, imefika."

Chiriku alikuwa anatikisa kichwa kama mtu anayesikiliza mahubiri. "Wewe mama ungekuwa mwalimu wangu wa hesabu, leo ningekuwa daktari."

Muuzaji akasema asiyeamini maneno aamini masikio yake. Programu aliyoinunua Meneja hata yeye alikuwa nayo, ya majaribio. Akaifungua kwenye kompyuta ya fedha na kucheza wimbo wa mfano wenye sauti arobaini zilizopangwa moja juu ya nyingine. Mwanzoni ulikwenda. Zilipoingia sauti za nyuzi, mshale pembeni mwa kioo ukapanda hadi kwenye nyekundu, na spika zikaanza kutoa kra-kra-kra, kama mtu anatafuna mchanga. Mama akaunganisha kibao kidogo cha kupigia ngoma kwa vidole, akamkabidhi Radi. Radi akapiga mara nne, akasimama.

"Inachelewa. Napiga leo, inalia kesho."

"Mbona si mbaya sana," Vidole akasema. "Ukiizoea..."

Wenzake wakamgeukia.

"Wewe?" Chiriku akashangaa. "Wewe ambaye mimi nikichelewa nusu ya pigo unanitazama kama nimekuibia?"

Muuzaji alikuwa ameshaishusha ile nyeusi. Ilikuwa nene, nzito, haina urembo wowote, na feni yake ilipoanza kuzunguka ilisikika kidogo tu, halafu ikatulia. Wimbo ule ule ukapita kuanzia mwanzo mpaka mwisho na mshale haukufika hata nusu. Akaongeza sauti, zikawa sitini, na bado. Radi akakiweka kibao mapajani. Alipiga kwa vidole viwili, kisha vinne, kisha akafumba macho na mikono yote miwili ikaanza kukimbia, na kila alichopiga kilitoka pale pale alipokigusa.

"Hii inanisikia," akasema, macho bado kayafumba.

"Chukua hiyo," Babu Besi akaamua.

"Ni ghali, Babu. Meneja hatakubali."

"Basi tutakwenda kumwomba sisi wenyewe," Radi akasema. "Twendeni sasa hivi. Shemeji anaogopa, mimi siogopi."

Watatu wale mbele ya Meneja, wakimwomba kompyuta ya albamu! Vidole akasema hapana, atampigia simu, akatoka nje kwenye ngazi. Meneja hakuuliza mambo mengi. "Ina nguvu?" aliuliza. Vidole akasema inayo. "Nunua."

Babu Besi alikataa kusaidiwa kuibeba. Alishuka ngazi zile kwa ubavu, hatua moja moja, boksi kalikumbatia, na Chiriku mbele yake akipiga kelele watu wapishe.

Walirekodi siku kumi, mchana kuanzia saa nane, kabla wageni hawajaanza kuingia. Vidole alikuwa hajawahi kuwasikia wakipiga vizuri namna ile. Walikuja mapema. Radi alinunua ngozi mpya za drams bila kumwambia mtu. Babu Besi alikuja na shati lililopigwa pasi, na Chiriku alipomwambia kwamba kompyuta haipigi picha, mzee alimjibu kuwa sauti ya mtu aliyevaa vibaya inajulikana. Vidole alikaa nyuma ya kioo, hedifoni masikioni, akawapanga mmoja mmoja, mstari chini ya mstari, kila mstari na rangi yake. Mashine haikukwama hata mara moja. Kuna siku aliomba kimoyomoyo iungue.

Katika wimbo mmoja wa polepole Babu Besi aliteleza, akashuka kwenye sauti isiyo yake. Alicheka mwenyewe. "Acha hiyo, nitairudia kesho," alisema. Kesho yake mkono ulikuwa unamuuma, wakaahirisha.

Siku ya nane Vidole na Radi walibaki wawili wakikunja nyaya. Mkewe Radi alikuwa mjamzito wa miezi saba. "Nimemwambia albamu ikitoka tutahama chumba kile," Radi alisema. "Kina unyevu, mtoto atakohoa bure. Anasema nisijenge nyumba hewani. Nimemwambia shemeji yangu ndiye anayeshika kompyuta, atafanya mchezo kweli?" Vidole alikunja waya wake mpaka mwisho, akaufunga kwa uzi, akauweka sandukuni pamoja na nyingine. Akasema wafunge mlango, jioni imeingia.

Barua zilitoka siku ya mwisho ya mwezi, saa saba mchana. Meneja aliwapa kwenye korido ya jikoni, bahasha tatu, akapeana nao mikono. Vidole alikuwa ukumbini akijidai anaunganisha spika. Aliisikia sauti ya Chiriku kwanza, ikipanda, maneno hayasikiki vizuri, halafu ikakatika ghafla. Baadaye Radi akaingia. Alikuwa ameishika barua kwa ncha za vidole, kama kitu kilicholowa.

"Wewe yako iko wapi, shemeji?"

Vidole akainamia waya wa spika. Radi akamtazama, akaitazama kompyuta iliyokuwa wazi juu ya meza, na ile mistari ya rangi kwenye kioo, mstari wa drams wa kwanza juu kabisa. Ilimchukua muda mfupi sana kuelewa.

"Ulijua lini?"

"Tangu mwanzo."

"Dukani ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Ndiyo maana nilitaka tuchukue ile mbovu. Nilitaka kuwaokoa, shemeji. Haki ya Mungu."

"Kwa mdomo ilikuwa shida gani?"

Radi akaikunja barua mara mbili, akaitia mfukoni, akaanza kufungua drams zake skrubu moja moja. Ilimchukua karibu saa nzima. Vidole alitaka kumsaidia kubeba ile kubwa, Radi akamwambia, "Weka chini," akaiweka.

Nyumbani mkewe alikuwa amepata habari zote. Alikuwa mezani anakata maua ya karatasi kwa ajili ya watoto wa chekechea, na hakuacha kukata.

"Ungeniambia mimi," alisema.

"Ungemwambia mdogo wako."

"Ndiyo. Ningemwambia." Mkasi ukaendelea. "Ndivyo mtu anavyofanya."

Hakumtukana, wala hakuhama chumba. Chakula alipewa kama kawaida na nguo zilifuliwa. Ila tangu siku ile mkewe alizungumza naye kama anavyozungumza mtu na mpangaji mwenzake, habari za maji na za ufunguo. Binti yao mdogo ndiye aliyeuliza siku moja, mbele ya wote wawili, kwa nini mjomba haji tena. Kila mmoja alimngoja mwenzake ajibu, mpaka mtoto akachoka akaenda kucheza.

Vidole akaanza kupiga peke yake. Meneja alifurahi mno. Wageni walikula, wakazungumza, wakapiga makofi palepale walipokuwa wakipiga zamani, na wengi wao hawakuinua macho kuona kwamba jukwaani yuko mtu mmoja. Meneja alitaka Chiriku aje mwishoni mwa wiki kuimba juu ya muziki wa kompyuta. Chiriku akapeleka jibu kwamba yeye haimbi na sanduku. Wiki saba baadaye alirudi. Mtoto wake mkubwa alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka shule kwa kukosa ada. Alipanda jukwaani, akarekebisha maikrofoni, akasema, "Tuanze." Hilo ndilo lililokuwa neno lake lote kwa Vidole jioni ile, na jioni zilizofuata. Yule mwanamke ambaye zamani ungemlipa anyamaze, sasa alikuja na chupa yake ya maji, akaimba, akatwaa mkoba wake, akaenda zake.

Mchana mmoja Babu Besi alikuja kuchukua amplifaya yake. Vidole hakumwona akiingia. Alikuwa anapima sauti, na mashine ilikuwa inacheza ule wimbo wa polepole. Alipogeuka mzee alikuwa amesimama katikati ya meza tupu, kofia mkononi, anajisikiliza. Kidole gumba cha mkono wa kulia kilikuwa kinapiga nyuzi kwenye suruali. Walipofika pale alipoteleza, kidole kikasimama.

"Hapo nilikosea," alisema.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Hapo nilikosea. Inalia hivyo kila siku?"

"Kila siku, Babu."

"Hiyo mashine inaweza kurekebisha?"

"Inaweza."

"Basi irekebishe. Watu wasije wakadhani sikujua."

Vidole akaikata sauti ile kwenye mstari wa besi, akaipandisha mahali pake, akaunganisha. Haikuchukua hata dakika moja. Akarudisha wimbo nyuma kidogo. Mzee akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali, kama vile wako mazoezini. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia koti alilolisahau, kama anaweza kupata nakala ya zile nyimbo. Si za kuuza, alisema. Za wajukuu tu.

Nakala ilikuwa jambo la dakika tano, na Vidole alikuwa na flashi mfukoni. Lakini mlango wa ofisi ulikuwa wazi kama kawaida, katoni la risiti mahali pake, na kisogo cha Meneja kilionekana. "Nitamuuliza bosi, Babu," akasema.

Babu Besi akamtazama kidogo. "Muulize," akasema. Akashika upande mmoja wa amplifaya, Vidole akashika wa pili, wakaitoa hadi kwenye mkokoteni uliokuwa unangoja nje.

Alimuuliza kweli. Meneja alisema rekodi ni mali ya hoteli, suala limekwisha. Vidole akasema sawa, bosi. Mwezi mzima ukapita kabla hajapiga moyo konde. Asubuhi moja, Meneja akiwa amesafiri, alinakili nyimbo zote kwenye flashi akaenda nazo mpaka chumba alichopanga Babu Besi. Alimkuta mwenye nyumba anapaka chokaa. Mzee alihama, aliambiwa, kachukuliwa na binti yake. Wapi? Mbali, mji wa binti yake, jina alilitaja ila limemtoka. Gitaa na lile sanduku lake la kelele aliviuza kwanza, hapo hapo uani.

Vidole hakurudi nyumbani. Alikwenda mahali ambapo kwa miezi minne alikuwa akipita upande wa pili wa barabara, kwenye kiwanja cha kufyatulia matofali ya saruji. Radi alikuwa anashindilia saruji kwenye kalibu ya mbao, ameinama, fulana imeganda mgongoni. Mikono yake ilikuwa imepasuka na kuwa ya kijivu mpaka kwenye viwiko. Mtoto alikuwa ameshazaliwa, wa kike. Vidole alisikia habari hizo kwa majirani.

"Shemeji," akaita.

Radi alimaliza tofali alilokuwa nalo, akaling'oa kwenye kalibu, akalipanga kwenye mstari pamoja na mengine. Ndipo alipoinuka.

"Nimekuletea hizi. Nyimbo zetu zote." Akanyoosha mkono wenye flashi. "Za Babu nimekosa pa kuzipeleka."

"Nina kompyuta ya kuifungulia?"

"Siku yoyote utaipata, hata kwa mtu. Shemeji, mimi nilikosa. Sina la kujitetea. Nilikosa tangu siku ile chumbani, mlipokuwa mnasema albamu."

Radi alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa suruali nayo ilikuwa saruji tupu. Akaichukua flashi bila kuitazama, akaisokomeza kwenye mfuko wa nyuma. Mkono hakumpa.

"Mwambie dada nitamletea mtoto Jumapili amwone," alisema. "Mchana. Wewe utakuwa kazini?"

Jumapili mchana hakuwa na zamu. "Nitakuwa kazini," Vidole akajibu.

"Haya."

Jumapili ilipofika alivaa, akatoka nyumbani saa nne. Mkewe alikuwa anafagia uani, na kwa mara ya kwanza tangu siku zile alimwambia neno lisilo la maji wala la ufunguo: alimwambia asisahau mwavuli, mawingu yametanda. Hotelini akawakuta mlinzi na watu wa kufanya usafi tu. Akaifungua mashine, akakaa kwenye kinanda na kuwapigia, nyimbo zote kwa mpangilio, mpaka alipokadiria kwamba mgeni wa nyumbani atakuwa ameshaondoka.